Tata, Nimeifungua Noah ya Bi Mwanaidi

Tata wangu,

Nimeifungua Noah ya Bi Mwanaidi, gari lile ulilolifungia muziki. Nimeanza na neno hilo kwa sababu nikianza na salamu nitakwama, na wewe unajua jinsi ninavyokwama. Wageni walipokuja nyumbani nilikuwa najificha nyuma ya mlango wa jikoni, nawe ukiwaambia, "Huyo msimsubiri, huyo anaongea na nyaya tu." Basi nimeongea na nyaya, tata. Nimeongea nazo siku mbili nzima, na zimenijibu mambo ambayo wewe hukuwahi kunijibu.

Nimechukizwa. Nilitafuta neno jingine lenye adabu zaidi la kumwambia baba marehemu, sikulipata. Hii si hasira. Hasira naijua, inapanda kichwani halafu inashuka. Hii imekaa kooni. Juzi mama alipika ndizi na maharage, nikashindwa kumeza, maana kila nikipeleka mkono mdomoni nasikia harufu ya plastiki iliyoungua, na najua imetoka wapi.

Nitaanza na yale mazuri, kwa sababu yapo, na ndiyo yanayonitia kichefuchefu zaidi.

Unakumbuka kibanda chetu pale Ipinda, mabati matatu juu na moja ubavuni, na ule ukuta wa mbao uliojaa misumari ya kutundikia vifaa? Shule ikifungwa nilikuwa nashinda pale. Hukuwahi kuniambia mimi ni msichana. Ulinipa plaizi nikiwa darasa la tano, ukanionyesha kumenya waya bila kukata hata uzi mmoja wa shaba ndani yake. Vijana walikuwa wanakuja na spika kubwa mikononi, wanataka zifungwe siku hiyo hiyo waondoke zinapiga. Ulikuwa unawacheka.

"Umenunua mdomo," ulimwambia mmoja. "Tumbo la kuulisha liko wapi?"

Halafu ukanigeukia. "Bupe, mwambie muziki wa gari unaanzia wapi."

Nami kwa sauti ndogo, macho chini, nikasema, "Unaanzia kwenye altaneta."

"Umesikia? Mtoto wa shule anakufundisha."

Yule kijana alicheka, nami nikajisikia mrefu kuliko paa la kibanda. Nilikuwa nayajua yote kwa moyo, tata. Kwamba gari limetoka kiwandani na umeme wa kutosha taa, wipa na redio ndogo, basi. Kwamba ampli, kile kisanduku cha kukuza sauti, inakunywa umeme kama ng'ombe aliyetoka machungani. Kwamba kwanza unaweka altaneta kubwa zaidi, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka, halafu unabadilisha nyaya tatu za msingi: wa altaneta kwenda kwenye betri, wa betri kwenda kwenye bodi, yaani chuma cha gari lenyewe, na wa bodi kwenda kwenye injini, kwa sababu umeme ukienda lazima urudi, na njia ya kurudi ikiwa nyembamba hata ya kwenda ikiwa pana ni bure. Ulinieleza kwa mfano wa maji ya shamba la mpunga: ukifungua mfereji mpana juu, huku chini umeacha tundu la panya, maji yatapasua tuta. Kisha unatandika waya mnene mwekundu kutoka kwenye betri hadi kwenye ampli kule nyuma. Na mwanzoni kabisa mwa waya huo, shibiri moja tu kutoka kwenye betri, unaweka fyuzi.

"Fyuzi ni mlinzi," ulisema. "Kazi yake ni kufa kabla ya watu. Fundi asiyeweka fyuzi ni mchawi wa mchana."

Hayo ni maneno yako. Sijaongeza.

Na ukanifundisha kukwangua. Pale unapofunga waya kwenye bodi ya gari, ulisema, usifunge juu ya rangi, rangi haipitishi umeme. Chukua msasa, sugua hadi chuma king'ae. Nilikuwa nasugua hadi vidole vinaota malengelenge, nakuita, unakuja, unainama, unasema, "Bado." Nasugua tena. "Bado." Mara ya tatu unasema, "Haya, sasa hata mimi nikifa kitaendelea kung'aa."

Sasa nikukumbushe siku Bi Mwanaidi alipokuja. Nilikuwa likizo ya kidato cha pili. Alikuja kwa miguu kutoka dukani kwake kule kwenye vitenge, mtandio wake mweupe, na yule dereva wake Gwamaka akimfuata na Noah polepole kama anasindikiza bibi harusi. Ulipenda namna anavyoongea. Ulisema Kiswahili chake kimenyooka kwa sababu babu zake walikuja nacho kutoka pwani, chetu kimepinda kwa kupita milimani.

"Fundi wangu," alisema, "huku kwenu mtu hazikwi bila ngoma, na ngoma za siku hizi zina waya. Nifungie muziki kwenye gari. Harusi zipo, misiba ipo, sitakosa kazi."

"Utaitikisa Ipinda nzima, Bi Mwanaidi."

"Sitaki kuitikisa Ipinda. Nataka isiwake moto. Mle nabeba wajukuu wangu. Siku za gulio nabeba wake za watu na vichanga vyao."

Ukacheka. Ukaweka mkono kifuani, mkono ule wenye kovu la asidi ya betri. "Ikiwaka moto, niite mwongo mbele ya binti yangu huyu."

Bi Mwanaidi akanitazama. "Umesikia, mwari? Wewe ndiye shahidi."

Nikaitikia kwa kichwa.

Kazi ilichukua siku tatu. Siku ya kwanza uliitoa altaneta ya zamani ukanipa pamoja na petroli kwenye kopo na mswaki uliochakaa. "Isafishe," ulisema, "chuma kichafu hakina heshima." Nikaisafisha asubuhi nzima. Bisibisi iliniteleza ikaichubua pembeni, alama kama ukucha, nikaogopa kukuambia. Nilidhani unataka kuiuza ikiwa safi. Siku ya pili ulifika na altaneta ya rangi ya fedha umeifunga kwenye gazeti, ukasema imetoka Mbeya. Nilipiga makofi, tata. Niliyepiga makofi ni mimi.

Siku ya tatu tulitandika waya mwekundu. Ulifunga ncha moja kwenye betri mbele yangu, mnene, mwekundu, mzuri kama nyoka wa kwenye picha. Kabla hujaendelea ndani ukaniambia, "Bupe, nenda kachote maji, baba yako ana kiu." Bomba lilikuwa nyuma ya soko na foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi zulia lilikuwa limetandikwa, viti vimefungwa, na wewe umekaa juu ya tairi. Ulikunywa kikombe kizima. Ukajifuta mdomo ukanishukuru, "Ndaga fijo, mwana." Leo nikikumbuka koo lako lilivyokuwa linapanda na kushuka, natamani ningekuwa nimekosa maji.

Na si siku ile tu. Nimekaa nikahesabu. Kila gari la muziki lilipofika kwenye kufunika zulia, kulikuwa na maji ya kuchota, kulikuwa na vocha ya kununua, kulikuwa na mama wa kusaidia. Mimi nilidhani unanionea huruma nipumzike.

Halafu ukaumwa. Wiki mbili tu, kifua, ukaondoka katikati ya masika. Sitaandika habari za siku zile, wewe ndiye ulikuwa unaumwa, unazijua. Nitaandika ya mazishi kwa sababu hukuyaona. Bi Mwanaidi alileta Noah mwenyewe, akasema, "Fundi wangu ataagwa na kazi ya mikono yake." Iliegeshwa pale karibu na migomba, milango ya nyuma wazi, na muziki ukapigwa hadi majani yakawa yanadondosha maji ambayo mvua ilikuwa imeyaacha. Wanaume walicheza, wanawake walilia, kama ilivyo kwetu. Saa sita mchana mvua kubwa ikarudi, kukawa giza, Gwamaka akawasha taa za gari watu waone njia ya kwenda kaburini. Kila ngoma ilipogonga, taa zilififia. Zikirudi, ngoma ikigonga, zinafifia tena.

"Mwe!" akapiga kelele jirani yetu mama Lusajo. "Tazameni, hata taa zinamlilia fundi!"

Watu wakacheka huku wanalia. Mimi nililia pia. Lakini katikati ya kilio kitu fulani kichwani kiliniambia: taa hizo hazikutakiwa kulia. Kama altaneta ni kubwa na nyaya tatu ni nene, taa hazifuati ngoma. Ulinifundisha mwenyewe. Nikakiambia kinyamaze. Nikasema ni mvua. Kisha mwalimu wa kwaya ya Ikolo, ambaye pikapu yao ya kwaya uliifunga wewe, alisimama mbele ya jeneza akasema, "Fundi huyu hakujua njia ya mkato." Watu wote wakaitikia. Nami niliitikia.

Nimemaliza kidato cha nne, tata. Matokeo bado. Nilipotoka shule nilifungua kibanda, nikafagia, nikapanga spana. Kwa wiki mbili watu walikuwa wanachungulia na kuuliza, "Fundi yuko wapi?" Nilikuwa nasema "Ni mimi," lakini sauti inaishia kwenye meno, nao wanaondoka. Wa kwanza kuleta gari alikuwa Bi Mwanaidi.

"Huyu ndiye fundi?" Gwamaka akasema bila kushuka kwenye usukani. "Bi Mwanaidi, huyu hata salamu anaipokea kwa macho."

"Ziba mdomo. Salamu haifungi nati." Akanigeukia. "Mwanangu, muziki ukipanda kuna harufu mle ndani. Huyu anasema ni viatu vya abiria."

"Nilisema soksi."

"Jumamosi tunapeleka watu harusini Matema, gari litajaa hadi mlangoni. Hebu niangalizie. Wewe ni damu ya fundi wangu."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Wakaniachia gari.

Nilianza pale ulipoanza wewe. Boneti, betri, waya mwekundu mnene. Kila kitu kizuri. Nikafungua kikasha cha fyuzi. Ndani hapakuwa na fyuzi. Palikuwa na kipande cha msumari, umekikata na kukipiga nyundo kikakaa bapa. Umeme wote wa gari ungeweza kupita pale hadi injini iyeyuke, na msumari ungekuwa unautazama tu.

Nilisema huenda ni mtu mwingine. Fyuzi iliungua, Gwamaka akapachika msumari. Madereva wana mambo hayo.

Nikang'oa viti, nikainua zulia. Waya mwekundu ulikuja kutoka kwenye injini ukapita chini ya kizingiti cha mlango, ukaenda kama mkono mmoja hivi, ukaisha. Umeisha, tata. Pale ulipoisha umeunganishwa na waya mwembamba wa nyumba, ule wa kufungia taa za sebuleni, umesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu. Waya huo mwembamba ndio ulioendelea chini ya miguu ya abiria hadi kule nyuma. Halafu karibu na ampli, mahali mwenye gari anapoweza kuona, waya mnene mwekundu unatokea tena. Kichwa na mkia vya nyoka, katikati mnyoo.

Ule mwembamba ulikuwa umeungua. Plastiki yake imeyeyuka ikashika zulia kama kamasi, nyeusi, inanata, inatoa uvundo. Juu ya sehemu hiyo hiyo ndipo kilipo kiti cha pili, kile wanachokaa akina mama wenye watoto. Kulikuwa na ganda la karanga na kiatu kimoja cha mtoto, cha kufuma.

Na tepu. Mafundi wote wanamaliza tepu kwa kuikata. Wewe peke yako ulikuwa unakunja ncha ya mwisho kidogo, kama sikio, ili atakayekuja kufungua apate pa kushika. Ulisema ni heshima kwa fundi wa kesho. Sikio lilikuwepo. Nilishika sikio hilo nikafungua, na wa kesho ni mimi.

Sikuhitaji kuangalia zaidi lakini niliangalia. Waya wa kurudi kwenye bodi ulikuwa umefungwa juu ya rangi, haijakwanguliwa hata kidogo. Wewe uliyekuwa unaniambia "bado." Nikaenda kwenye altaneta ya rangi ya fedha, nikaisugua kwa ukucha, rangi ikabanduka, chini yake kijivu cha zamani. Pembeni nikakuta ile alama ya bisibisi yangu, kama ukucha.

Nilikwenda nyuma ya kibanda nikanawa mikono kwa sabuni mara mbili. Niliporudi nikaona roli la waya mwekundu limetundikwa ukutani, lile ambalo siku zote nilidhani ni akiba. Ni waya alioununua Bi Mwanaidi, au kwaya ya Ikolo, au yule mwenye Hiace wa kule Busale, ambaye naye ulimfungia muziki. Roli moja limeonyeshwa kwa watu wote, kila mmoja akakatiwa kichwa na mkia.

Nilikwenda nyumbani mchana huo huo. Mama alikuwa anageuza kakao kwenye mkeka. Nikamwambia, "Mama, tata alikuwa mwongo." Nikamweleza yote. Aliendelea kugeuza kakao. Hakuuliza fyuzi ni nini, na hapo nikaogopa zaidi.

"Badilisha nyaya," akasema. "Funika, nyamaza. Marehemu hasemwi."

"Na pikapu ya kwaya? Na Hiace ya Busale?"

"Hayo hayajaletwa kwako."

"Yataletwa majivu, mama."

"Bupe! Tangu lini wewe una maneno?" Akasimama, mikono imejaa ute wa kakao. "Unataka watu wapite hapa watazame kaburi la baba yako wateme mate?"

Niliangalia kaburi lako. Liko hatua kumi kutoka kwenye mkeka, saruji yake bado mpya. Nitakuambia ukweli kwa sababu wewe hukuniambia: mate yalinijaa mdomoni. Nikayameza. Hayakushuka vizuri.

Ijumaa asubuhi niliweka kila kitu juu ya gunia mbele ya kibanda: msumari, waya ulioungua, altaneta niliyoibandua rangi nusu. Bi Mwanaidi akafika na Gwamaka. Nikanyoosha kidole.

Aliinama akautazama msumari muda mrefu. Akashika waya, akanusa, akautupa. "Nani kanifanyia uchafu huu?" Kisha akajijibu mwenyewe. "Ni yule wa Kyela mjini. Yule aliyenibadilishia taa baada ya Pasaka."

"Ni yeye," Gwamaka akadakia. "Nilimshuku toka mwanzo. Fundi gani ana mikono laini vile?"

"Ndiye, mwanangu?"

Tata, nilikuwa na haja ya kuitikia kwa kichwa tu. Maisha yangu yote jibu langu ni kichwa, na kichwa kilikuwa tayari kushuka. Kingeshuka, ungebaki fundi asiyejua njia ya mkato, mama angepumua, na mtu wa Kyela mjini ambaye simjui angekula uchafu wako. Nilifikiri pia kwamba pikapu ya Ikolo ingeendelea kubeba kwaya, kwa sababu aliyeifunga pikapu si wa Kyela mjini.

"Si yeye," nikasema.

"Nani basi?"

"Ni tata."

"Sema kwa sauti."

"Ni baba yangu, Bi Mwanaidi. Ni baba yangu aliyefunga hivi."

 Bi Mwanaidi alinitazama kama ninavyotazama mimi chuma, kuona kama kimekwanguliwa au bado.

"Wewe ulijua?"

"Sikujua." Nikasikia haitoshi. "Lakini altaneta niliisugua mimi."

 Mwanamke mmoja wa jirani aliyekuwa anauza maandazi aliacha kugeuza maandazi yake. Kisha Bi Mwanaidi akamwambia Gwamaka, "Nipe kigoda." Akakaa mbele ya mlango wa gari, mtandio umeufunga kiunoni. "Fanya. Kila unachofunga unionyeshe kwanza."

Nilifanya kutoka asubuhi hadi alasiri. Nilishusha lile roli nikatandika waya mmoja mzima, kutoka kwenye betri hadi kule nyuma, bila kiungo. Nilimletea fyuzi mkononi akaishika, akaniuliza inakufaje, nikamweleza, akarudisha. Nilikwangua bodi nikamwita aone. Hakuniita mwanangu hata mara moja. Alisema "wewe." Nikamwambia altaneta ni ile ile ya zamani, haitaweza kuilisha ampli kubwa, nikaifungua ampli kubwa na spika mbili nikamkabidhi kama nilivyozitoa. Muziki ulibaki nusu.

"Matema watatusikia walioko mlangoni tu," Gwamaka akanung'unika.

"Wanaotaka kusikia watasogea," alisema Bi Mwanaidi. Akapanda gari. Kabla ya kufunga mlango akaniambia, bila kunitazama, "Baba yako nilimlilia." Akafunga.

Walikwenda Matema, wakarudi wote. Hilo nimeliuliza kwa watu watatu.

Gwamaka ana mdomo, unamjua. Kufikia Jumapili soko zima lilikuwa linajua. Nikipita, vijana wa bodaboda wanaitana: "Tahadhari, Msumari huyo anapita!" Mama haongei nami. Ananiwekea chakula, anaondoka. Mama Lusajo aliniuliza kanisani, mbele ya watu, kama nimepata faida gani kumvua baba yangu nguo akiwa ardhini.  Ningeweza kumwambia kwamba nguo ulizivua mwenyewe, mimi nimewasha taa tu, lakini maneno yangu yanafika watu wakishaondoka.

Kuna swali moja nalala nalo na kuamka nalo. Kwa nini ulinifundisha vizuri? Ungetaka mwizi mwenzako, ungenifundisha wizi. Ungetaka nisijue, ungeniacha nyumbani nigeuze kakao. Wewe ulinifundisha kila kitu kama kinavyotakiwa, ukanisahihisha, ukaniambia "bado" mara tatu, halafu ukanituma maji na kufanya kinyume. Labda ulikuwa unaona haya mbele yangu. Labda mimi nilikuwa mahali pekee ulipokuwa fundi wa kweli, na ukanitunza hivyo kama mtu anavyotunza shati moja la kanisani. Nikiwaza hivyo nataka kukuonea huruma. Halafu nakumbuka kile kiatu cha mtoto, huruma inakwisha.

Sijui kama nitaacha kuchukizwa. Sitakudanganya. Asubuhi nafagia kaburi lako kwa sababu ni zamu yangu, nafagia na majani yote yanatoka, kazi nzuri, lakini moyo haupo. Nilikupenda sana, tata. Ndiyo maana harufu haitoki mikononi.

Leo naenda Ikolo. Kwaya inafanya mazoezi asubuhi, na mchana wanapakia watu kwenye pikapu kwenda kuimba. Nimebeba msasa, fyuzi, na waya uliobaki. Nimekwisha kuandika majina ya wenye magari mengine ninaowakumbuka, Busale ni kesho. Mwalimu wa kwaya ni yule aliyekusifu mbele ya jeneza, najua atanikasirikia, na najua wanakwaya wote watakuwa wamesimama wananitazama. Nimefanya mazoezi ya maneno yangu tangu kulipokucha, nayasema kwa sauti kwenye migomba hadi kuku wamenizoea. Siagani nawe kwa amani, naagana nawe tu, kwa sababu gari la kwenda Ikolo halisubiri. Maneno yenyewe ni haya:

"Shikamooni. Naitwa Bupe, mtoto wa fundi aliyewafungia muziki. Naomba mzime gari."

Mwanao wa kwanza,
Bupe